Kule Lukanga, Mti wa Kitunguu Saumu

Kasuku, Kindu
11 Mei 2003

Yaya Djamali,

Kaka yangu, pokea salamu zangu na za Mama. Sisi tuko hai, na kwa mwaka huu hiyo peke yake ni habari ndefu. Nyumba tuliikuta haina milango wala vitanda, lakini mabati yapo, yenye kutu kama ulivyoyaacha. Mama amerudia kukaanga mikate asubuhi mbele ya mlango. Majani ya sombe yanapatikana sokoni, samaki mara moja moja, chumvi bado inabembelezwa. Huyu bwana wa baiskeli anayekuletea barua ni mtu mwaminifu, mpe maji ya kunywa, anatoka mbali.

Macho yako je? Mama anasema ule ugonjwa wa macho mekundu uliwapiga wote mle msituni Lukanga tulikokimbia vita, lakini wewe jicho la kushoto lilibaki linaona. Nimefurahi.

Sasa, yaya, nisikilize. Homa yangu imekwisha na akili imerudi. Nakumbuka nimemlaza mwanangu Zainabu kifuani pangu chini ya kile kibanda cha majani. Kisha nakumbuka mtumbwi, na mkono wa Mama kwenye paji langu. Katikati hamna kitu. Mama anasema wewe ndiye uliyemzika, humo humo Lukanga, wakati wao wamekwenda kutafuta mihogo. Anasema kesho yake risasi zikatutawanya, wewe ukashika njia ya Pangi, sisi tukavushwa mto.

Uniambie ni wapi. Sihitaji maneno mengi. Upande gani wa kijito, chini ya mti gani. Alikuwa ameanza kusema "mayi" kila akiona maji, hata ya mvua. Nataka kujua mahali alipo.

Mimi mdogo wako,
Hadidja


Kama
2 Septemba 2003

Mdogo wangu Hadidja,

Aleikum salaam, wewe na Mama. Barua yako ilichelewa kunifikia, na yangu nayo imechelewa kutoka, maana huku karatasi ni kitu cha kutafuta. Mimi ni mzima. Ninafanya kazi na watu wanaochimba dhahabu mtoni. Kutwa nzima miguu ndani ya maji, ngozi inatoka kama ya muhogo. Kuna msikiti mdogo wa udongo na tumepata imamu. Mwambie Mama mikate yake ninaiota.

Macho yamepona, namshukuru Mungu.

Kuhusu lile ulilouliza, mtoto alizikwa. Alizikwa na mtu aliyempenda. Usiende Lukanga, bado kuna watu wenye silaha. Lea nafsi yako, olewa tena, uzae. Ninatuma kitambaa cha kitenge kwa Mama, chako kitafuata.

Kaka yako,
Djamali


Kasuku, Kindu
14 Oktoba 2023

Yaya,

Salamu za huku ni za joto na vumbi, mvua zimechelewa. Mwanangu Bakari amenunua pikipiki, sasa anabeba abiria toka sokoni mpaka stesheni, na anaiosha kila jioni kuliko anavyojiosha mwenyewe. Kaburi la Mama nimelifyekea. Simu yako haipatikani kamwe. Octave aliniambia huko Kama mtandao unapandiwa mlima, na wewe magoti hayataki. Basi nimempa yeye barua. Ni Mnande wa Butembo, mfanyabiashara, kila baada ya majuma machache anapeleka sabuni na betri huko kwenu kwa pikipiki yake.

Tumeandikiana miaka ishirini, yaya. Harusi, matanga, paa lililovuja, mbuzi wako aliyezaa mapacha. Lile moja hatukuligusa tena. Ninakwambia mapema ili usiiweke barua chini: leo nitaligusa, ila nitapitia njia ndefu.

Unajua ninafundisha Kifaransa na ufasaha darasa la nne la sekondari. Ufasaha maana yake mtoto asimame mbele ya watu, aseme, watu wabadili nia. Zamani niliwapa mada ubaoni na wao walinirudishia maneno ya redio: mazingira ni uhai, tuhifadhi maliasili. Nilikuwa nalala nikiyasahihisha. Mwaka huu nimewavusha mto. Kila Jumatano tunapanda mtumbwi hadi Lukanga. Ndiyo, Lukanga. Kule chini kidogo ya kivuko cha Alunguli bado kimebaki kile kisitu, kimezungukwa na mashamba. Kila mmoja anachagua mahali pake. Ninawafunga macho kwa vitambaa. Ninawaambia wasiongee, wasikilize mpaka masikio yachoke, washike udongo, wanuse, waonje jani wanalolijua. Ndipo waandike.

Ungewaona! Kijana mmoja aliyekuwa hajui kuandika sentensi nzima ameandika kurasa mbili juu ya jinsi ndege wanavyonyamaza mtu akiingia. Wananiuliza, "Madame, nani alikufundisha hii?" Ninawaambia ni mbinu mpya ya elimu. Ningewaambia nini? Kwamba nilijifunza kunyamaza hivyo nikiwa na mtoto kifuani, akikohoa, na watu wote kwenye kibanda wakinitazama kwa macho makali?

Sasa jambo lenyewe. Wakubwa wa mji wanataka kukata msitu huo na kuugawa parsele, viwanja vya kujenga. Watoto wataandaa hotuba wawaombe waache. Mimi nitasimama nyuma yao. Lakini nikiulizwa kwa nini Lukanga na si mahali pengine, sina pa kunyoosha kidole. Wewe unapo. Yaya, niambie kabla ya mashoka.

Hadidja wako


Kama
20 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika pamoja na sabuni, maana Octave aliziweka mfuko mmoja na barua yako inanukia kufua. Mimi nipo. Magoti yananisema kila nikiinama kuswali, lakini tunaelewana. Yule mbuzi wa mapacha amekufa, aliingia kwenye shimo la wachimbaji. Wachimbaji wamekula nyama na kunipa pole, midomo bado ina mafuta. Mwambie Bakari asikimbize pikipiki.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ni nzuri, unaandika kama mtu wa serikali. Lakini sipendi ulichofanya. Umeyachukua ya moyoni mwako ukayatia mdomoni mwa watoto wa watu, bila kuwaambia wanabeba nini. Watoto waende wakacheze mpira. Unawafunga macho kwa ajili gani? Unajua kitu gani juu ya mtu aliyefungwa macho msituni?

Samahani. Nimeandika kwa hasira na karatasi ni moja, siwezi kuanza upya.

Msitu utakatwa, Hadidja. Huku wamekata yote, na watu wanaendelea kuzaliwa. Waache wajenge. Labda ni heri.

Djamali


Kasuku, Kindu
8 Februari 2024

Yaya Djamali,

Pole kwa mbuzi. Mvua sasa zimekuja kwa fujo, mto umejaa hadi mawe ya kufulia hayaonekani. Bakari ameanguka na pikipiki, amechunika kiwiko tu, na amemlaumu kuku. Mimi nina kikohozi kidogo, hakuna la kutisha.

Nilikasirika na barua yako. Kwa wiki tatu sikutaka hata kuona bahasha yake. "Labda ni heri." Heri kwa nani? Umekaa kimya miaka ishirini, halafu unanihukumu mimi kwa kuwa nimepata njia ya kupumua. Lakini pia ulisema kweli kuhusu watoto, na hilo limeniuma zaidi kuliko lile lingine. Bado sijawaambia. Kila Jumatano ninafungua mdomo, kisha ninawaambia wafunge vitambaa.

Juma lililopita walisema hotuba zao mbele ya wakubwa, ukumbini. Wote walivaa bluu na nyeupe, viatu vimepakwa mafuta ya mawese ving'ae. Walizungumza kumi. Mmoja aliiga ndege, ukumbi ukacheka. Lakini aliyenipasua ni Ornella, binti mwembamba, sauti kama anakugombeza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana nilimruhusu aseme Kiswahili cha nyumbani:

"Bakubwa bangu, mimi sikuleta hesabu. Nilileta pua yangu. Kule Lukanga, juu ya fasi mayi inaangukia jiwe, iko muti moja. Ukikwarua ganda yake kidogo, mukono yako inanuka tungulu saumu mupaka mangaribi. Siku ile nilirudia nyumbani, mama akaniuliza: nani amekulisha? Akanuna. Bakubwa, muti yenye inafanya mama akuonee wivu, munataka kuikata juu ya nini? Mufunge macho leo, munuse. Kesho mukifungua, kama haiko, mutanusa nini?"

Watu walipiga makofi hadi bati likatetemeka. Mkubwa mmoja alisimama, akapangusa macho kwa kweli kabisa, akasema, "Hotuba njo muzuri sana. Huyu mutoto atakuwa députée kule bungeni." Akamkabidhi kalamu. Tulitoka pale tukiimba. Nje, karani wao, mtu wa haya, alinivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba parsele zote zilikwisha kugawiwa tangu mwaka jana. Ukumbi ulikuwa wa kutusikiliza tu.

Watoto hawajui. Leo wameniuliza jibu litatoka lini, nikasema wakubwa wanafikiri. Sasa tumekuwa wawili tunaoficha.

Sitakuuliza tena, yaya. Nimechoka kukuuliza.

Hadidja


Kama
3 Machi 2024

Hadidja, mdogo wangu,

Leo sitaanza na magoti. Octave anaondoka alasiri na ninataka barua hii iwe mfukoni mwake.

Yule binti Ornella amesema juu ya mahali maji yanapoangukia jiwe, kuna mti unaonuka kitunguu saumu. Nilipofika hapo katika barua yako nilitoka nje nikakaa chini. Huo ndio mti. Mtoto wako yuko hapo.

Unaniuliza kwa nini nimekaa kimya miaka yote. Sikia, nitaandika upesi kabla sijaona aibu. Mimi sikuona. Niliwadanganya wote kwamba jicho la kushoto linaona, kwa sababu mle msituni asiyeona alikuwa mzigo wa mtu mwingine, na mizigo ilikuwa inaachwa. Macho yote mawili yalikuwa yameziba kwa usaha. Nilitembea nimeshika pindo la shati la mtu wa mbele.

Siku ile wengine walikwenda kutafuta mihogo. Wewe ulikuwa unaweweseka. Mimi nilikuwa nimelala usingizi mzito, na nilipoamka niliupapasa mguu wa Zainabu, nikaukuta baridi. Nilimtoa mikononi mwako kwa shida. Bunduki zilisikika ng'ambo, nikajua tutahama muda wowote, na sikutaka aachwe juu ya ardhi. Nikamfunga katika kitambaa chako cha kichwa. Nikaingia kijitoni, mkono mmoja kwenye maji, nikapanda nao hadi nikasikia maji yanaanguka kwa sauti ya mtungi unaojaa. Nikaacha maji, nikapanda kwa mkono wa kuume, mpaka kichwa changu kikagonga mti. Nikaushika, vidole vikanuka kitunguu saumu. Nikachimba hapo kwa mikono, kati ya mizizi miwili mikubwa.

Kisha nikatafuta kibla. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: asubuhi, jua likupige shavu la kulia, basi umeelekea. Niligeuka mpaka nikahisi joto kwenye shavu la kulia. Nikamlaza kwa ubavu, nikamfukia, nikasoma nilichokijua, nikarudi kwa kupapasa.

Nilipofika kibandani watu wa mihogo nao wakafika, na mmoja akasema, "Tuharakishe, jua linaenda kuzama." Hapo nilielewa. Nilikuwa nimelala asubuhi yote bila kujua. Jua lililonipiga shavu lilikuwa la alasiri, liko magharibi. Nimemlaza mwanao akiipa kibla mgongo, Hadidja. Nilitaka kurudi, Mama akanishika mkono tukahama.

Ningekwambia mahali, ungekwenda, ungesimama, ungeuliza alielekea wapi. Ningejibu nini? Kila swala ninayoswali, nikielekea, ninamkumbuka yeye ameelekea kwingine. Nilipoandika kwamba labda ni heri wajenge, nilitaka tu mahali hapo pasiwepo tena. Sikufikiria wewe.

Mwambie mkubwa yeyote unayetaka. Mwambie Ornella hotuba yake nimeisikia mimi. Mti usikatwe.

Djamali


Kasuku, Kindu
29 Mei 2024

Yaya wangu,

Barua yako ya Machi nimeipokea juma lililopita. Octave anakuomba radhi sana. Mvua ilibeba daraja baada ya Pangi, akakaa huko na malaria na mizigo yake. Alifika kwangu amekonda, barua ameifunga ndani ya nailoni ya betri. Nimempa uji. Bakari ni mzima. Mimi ni mzima.

Nitakueleza kwa mpangilio, usiruke mistari.

Walianza kukata Lukanga mwezi wa nne. Mashine mbili, tunazisikia toka huku. Siku ya tatu upepo uligeuka, na mji mzima ukanuka kitunguu saumu. Majirani walitoka milangoni wakicheka, mmoja akapiga kelele, "Leo Alunguli yote iko inapika pilau!" Nami nilicheka, yaya. Nilisimama na sufuria mkononi nikacheka na watu, nikavuta harufu ile kwa pua zote mbili, na barua yako iko Pangi ndani ya nailoni. Hilo siwezi kulizoea.

Nilipoisoma sikulia siku hiyo. Nililia kesho yake, darasani, mbele ya ubao, na watoto wakaogopa. Basi nikawaambia. Yote: kibanda, kikohozi, kitambaa cha kichwa, na wewe. Niliwaambia kwamba karani alininong'oneza mapema na mimi nikawaficha. Wakanyamaza kama ninavyowafundisha kunyamaza. Ornella aliuliza, "Madame, sasa hotuba yangu ilisaidia nani?" Nikamwambia ilimfikia mtu mmoja huko Kama, akabadili nia, ila maji yalikata daraja. Akasema, "Moja tu?" Nikasema, moja.

Jumatano tulivuka, mimi na yeye. Nilimwomba anifunge macho. Miaka yote nimefunga watu, sikuwahi kufungwa. Alinishika kiwiko, nami nikatia mkono katika maji, nikapanda nayo kama ulivyoandika. Kijito kipo, maji hayajauzwa. Yakaanguka kwa sauti ya mtungi unaojaa, sawasawa. Nikaacha maji, nikapanda kwa mkono wa kuume. Nilikuwa ninasubiri kugonga kichwa. Sikugonga kitu. Mguu wangu ukajikwaa kwenye kisiki, nikapiga magoti, nikakipapasa, na harufu bado imo ndani yake. Mizizi miwili mikubwa ipo. Kati yake udongo umebonyea kidogo, mahali padogo, yaya. Pale pale kuna vigingi na kamba za parsele.

Nimekwenda kwa wakubwa mwenyewe, bila mtoto wa mtu. Nimesema kwa mdomo wangu kwamba mwanangu amezikwa pale na ninaomba kisiki hicho kiachwe na hatua chache kukizunguka. Sikuwa na ufasaha wowote, nilikwama mara mbili. Hawajajibu.

Nilimwuliza pia mwalimu Kasimu wa madrasa kuhusu kibla, bila kukutaja. Alisema asiyeona, akajitahidi kutafuta, akakosea, juhudi yake imepokelewa na hana deni. Nilimfanya arudie. Sasa ninakurudishia wewe, uisome hata mara kumi.

Lakini hilo siyo lililonifanya niandike leo. Nilipovua kitambaa pale juu, nilimwomba Ornella asogee kidogo. Nikalala chini kando ya kisiki, kwa ubavu wa kulia, kama ulivyomlaza, nikaipa kibla mgongo. Nilitaka kujua alielekezwa wapi. Miti ya mbele haipo tena, pamebaki wazi. Kuna mteremko, kuna mto, na ng'ambo, juu kidogo ya kivuko, kuna Kasuku. Nilikaza macho mpaka nikaliona bati letu lenye kutu, na mlango ambapo Mama alikuwa anakaanga mikate.

Njoo, yaya, magoti yako nitayabeba mimi. Njoo ulale pale uone mwenyewe. Miaka yote hii mtoto alikuwa anatazama nyumbani.

Hadidja